Korona katika nyumba ya wazee: kwa nini haianzi kwa homa, na kwa nini hugeuka wiki ya pili

Swali: Shikamoo daktari. Mimi ni Mtanzania, na huu ni mwaka wa tatu ninafanya kazi ya uhudumu katika nyumba ya wazee hapa Uingereza. Majira ya baridi yaliyopita korona iliingia katika korido yetu. Babu mmoja wa miaka 86, mwenye ugonjwa wa kusahau na aliyewahi kupata kiharusi, alianza Jumatatu kwa kukataa chai na kuegemea upande mmoja kitini. Joto lilikuwa 37.4. Kipimo cha haraka cha Jumatatu kilisema hana, cha Jumatano kikasema anayo. Jumapili akapata nafuu, akamaliza uji wake wote, nasi tukafurahi. Jumanne usiku akazidiwa, na Alhamisi akafariki kitandani kwake, kama familia ilivyokuwa imeomba tangu zamani. Wazee wawili wa vyumba vya jirani walikutwa na virusi wala hawakuugua kitu. Bibi mwingine alipona, lakini mpaka leo si yule tuliyemzoea. Naomba unieleze mkondo wa ugonjwa huu kwa wazee wa namna hii, na kama kuna tulichokiona tusikitambue.

Jibu: Marahaba, binti yangu. Pole kwa msiba, maana aliyemvisha mzee soksi kila asubuhi hufiwa naye, hata kama hakuna anayekumbuka kumpa mkono wa rambirambi. Nitaanza na swali lako la mwisho, kwa sababu naona ndilo linalokunyima usingizi. Ndiyo, kilikuwapo mlichokiona. Ile chai iliyokataliwa na kule kuegemea upande ndizo zilizokuwa dalili za korona za babu huyo. Hazikuwa jambo la pembeni lililotangulia ugonjwa, zilikuwa ugonjwa wenyewe. Tatizo ni kwamba orodha ya dalili tuliyokaririshwa sote mwaka 2020, yaani homa, kikohozi kipya na kupotewa na harufu, haikutungwa kwa kuwatazama watu kama yeye, na mpaka leo wahudumu wengi wanaisubiri homa ambayo haitakuja.

Ushahidi wa jambo hili ulipatikana mapema. Mwishoni mwa Februari 2020 korona ilithibitishwa katika Life Care Center, nyumba ya wazee iliyoko Kirkland, karibu na Seattle, katika jimbo la Washington nchini Marekani. Kufikia tarehe 18 Machi wachunguzi walikuwa wamehesabu watu 167 waliohusishwa na mlipuko wa nyumba hiyo moja: wakazi 101, wafanyakazi 50 na wageni 16. Zaidi ya nusu ya wakazi hao walilazwa hospitalini na 34 walifariki, ilhali kwa wafanyakazi waliolazwa walikuwa asilimia 6 tu. Huo ndio mlipuko uliotangazwa duniani kote, lakini kwa swali lako nyumba ya pili ya kaunti ya King, ambamo Kirkland imo, ina mafunzo makubwa zaidi. Huko wakazi 76 walipimwa bila kujali nani anaumwa na nani haumwi. 48 wakakutwa na virusi, na 27 kati yao hawakuwa na dalili yoyote siku ile. Siku chache baadaye 24 kati ya hao 27 walianza kuonyesha dalili, nusu yao ndani ya siku 4. Jambo la kutisha ni kwamba sampuli nyingi za watu waliokuwa bado hawajaonyesha dalili ziliotesha virusi hai maabara, maana yake ni kwamba walikuwa tayari wana uwezo wa kuambukiza wakati wahudumu wanawalisha bila wasiwasi.

Kwenu Uingereza hali ilikuwa ileile. Katika nyumba nne za London zilizochunguzwa wakati wa wimbi la kwanza, zenye wakazi 394, asilimia 26 ya wakazi walifariki ndani ya miezi miwili. Waliopimwa walikuwa 313, na 126 wakakutwa na virusi. Kati ya hao, asilimia 43 hawakuwa wameonyesha dalili yoyote katika majuma mawili yaliyotangulia, na asilimia nyingine 18 walikuwa na dalili zisizo za kawaida peke yake. Kwa hiyo kati ya wazee watano walioambukizwa, watatu wangepita kwenye mtego wa homa na kikohozi bila kunaswa.

Sasa tutazame lile joto la 37.4, kwa sababu nadhani ndilo lililowatuliza. Mwili wa mzee dhaifu huwa wa baridi kidogo kuliko wa kijana, na wengi huamka wakiwa na 36.2 au chini ya hapo. Ukimchukua mzee wa namna hiyo, 37.4 si joto la kawaida hata kidogo. Ni kupanda kwa zaidi ya nyuzi moja. Mabingwa wa magonjwa ya kuambukiza wa Marekani walikwisha kupendekeza, miaka mingi kabla ya korona, kwamba kwa mkazi wa nyumba ya wazee homa ihesabiwe kuanzia 37.8 kwa kipimo kimoja cha mdomoni, au zaidi ya 37.2 ikijirudia, au kupanda kwa zaidi ya nyuzi 1.1 juu ya kawaida ya mtu mwenyewe. Kigezo hicho cha tatu ndicho ninachokithamini kuliko vyote, lakini hakiwezi kutumika pale ambapo hakuna aliyeandika kawaida ya mzee wakati akiwa mzima. Kisha kuna parasetamoli. Nina hakika nusu ya wazee wa korido yenu wanaimeza mara tatu au nne kwa siku kwa ajili ya magoti na migongo, na dawa hiyo haibagui: inapunguza maumivu ya goti na kuizima homa ya korona kwa mkupuo mmoja.

Lile jedwali la alama mnalotumia kumtathmini mgonjwa, NEWS2, ambalo alama zikizidi hatari nayo imezidi, nalo lina kasoro hapa. Joto lolote kuanzia 36.1 hadi 38.0 hupewa sifuri. Babu yako, kwa upande wa joto, alipata sifuri. Lakini jedwali hilohilo hutoa alama 3 kwa mtu aliyechanganyikiwa upya, sawa kabisa na zile anazopewa mtu ambaye oksijeni ya damu yake imeshuka hadi asilimia 91. Najua ni vigumu kusema nani amechanganyikiwa upya wakati miaka yote amekuwa akikuita kwa jina la dada yake. Hata hivyo wewe ulijua. Mzee ambaye kwa miaka mitatu hajawahi kurudisha kikombe cha chai, siku akikirudisha, akili yake imebadilika, na mahali pa kuandika mabadiliko hayo ni palepale kwenye kisanduku cha kuchanganyikiwa.

Kuchanganyikiwa huko kuna sura mbili, na ile ya kelele ndiyo inayofahamika zaidi: mzee anaweweseka, anavua nguo, anataka kutoka nje usiku wa manane. Sura ya pili ni ya kimya. Anasinzia mchana, anajibu kwa neno moja, chakula kinabaki mdomoni bila kutafunwa, kichwa kinalala begani. Wahudumu waliochoka humwona kuwa leo ametulia. Katika uchunguzi uliofanywa Marekani mwaka 2020 kwa wagonjwa wazee 817 wa korona waliofikishwa katika idara za dharura, asilimia 28 walifika wakiwa wamechanganyikiwa hivyo, na zaidi ya theluthi moja ya hao hawakuwa na homa wala tabu ya kupumua. Na kuhusu kule kuegemea: jiulize kama upande alioangukia ni uleule uliodhoofishwa na kiharusi cha zamani. Maambukizi ya aina yoyote, hata ya mkojo, yanaweza kurudisha kwa muda udhaifu wa kiharusi kilichokwisha kupona, kwa sababu sehemu ya ubongo inayoziba pengo la ile iliyokufa hufanya kazi hiyo kwa shida, na mwili ukipata mzigo mwingine inashindwa. Ndiyo maana mzee anapoanza ghafla kuegemea, au kudondosha kijiko, hatupaswi kuchagua kati ya kiharusi kipya na maambukizi. Tunamwita daktari aviangalie vyote viwili.

Kipimo cha Jumatatu kilichosema hana nacho kisikusumbue sana. Vipimo vya haraka huhitaji virusi vingi puani ndipo mstari wa pili utokee, na siku ya kwanza ya dalili mara nyingi havijafika idadi hiyo, hasa kwa mtu aliyechanjwa na kwa aina za omikroni, yaani virusi vya korona vya miaka ya karibuni. Kosa ambalo ningelikemea ni kukichukua kipimo cha kwanza kuwa neno la mwisho. Mlirudia Jumatano, na hilo lilikuwa sahihi, ingawa Jumanne ingekuwa bora zaidi.

Tukiupanga sasa mkondo wenyewe, kwa mzee wa aina ya babu yako unakwenda takriban hivi. Baada ya kuambukizwa hupita siku kama 3 kwa omikroni, au 5 kwa virusi vya mwanzo vya mwaka 2020, bila lolote kuonekana. Kisha huja siku mbili tatu za mabadiliko madogo ambayo hayana jina: sahani inarudi nusu, hatua zinakuwa fupi, mzee anaanguka akienda msalani, anaharisha mara moja, anakataa kuogeshwa. Kikohozi kikiwapo huwa hafifu, maana misuli ya kifua haina nguvu ya kukohoa. Kuanzia hapo njia zinagawanyika. Wengine, na siku hizi ndio wengi, wanarudi taratibu kwenye hali yao ndani ya wiki moja au mbili. Wengine wanashuka moja kwa moja tangu siku ya tatu au ya nne, hawapandi tena. Hawa ni wale waliokuwa dhaifu kabisa hata kabla ya ugonjwa, ambao hawahitaji nimonia kubwa ili wafe, inatosha wasinywe maji kwa siku nne. Kundi la tatu ndilo la babu yako: wanaumwa, wanapata nafuu, halafu wanageuka.

Nafuu ile ya Jumapili ilikuwa ya kweli, haikuwa macho yenu. Wiki ya kwanza ya korona ni ya virusi: vinazaliana, vinamchosha mtu, kisha kinga inaanza kuvipunguza na mtu anajisikia vizuri. Wiki ya pili, kwa baadhi ya watu, tatizo huwa kinga yenyewe, ambayo imewaka na haizimiki, na mapafu ndiyo yanayoungua. Ndiyo maana kwa wagonjwa wengi mgeuko hutokea kati ya siku ya 7 na ya 10. Jumanne yenu, ukihesabu kutoka kwenye ile chai, ilikuwa siku ya 9. Kwa mzee kuna njia nyingine mbili za kufika palepale. Ya kwanza ni kupaliwa: siku saba za kusinzia zimeidhoofisha misuli ya kumeza, chakula kinateleza kuelekea mapafuni, na nimonia ya bakteria inajipenyeza juu ya ile ya virusi. Sikuambii haya ili uujutie ule uji wa Jumapili, lakini siku hizi, mzee anapoanza kula tena baada ya korona, mimi huagiza akalishwe ameketi wima kabisa, kijiko kidogo, na abaki wima nusu saa baadaye. Njia ya pili ni moyo na damu. Korona huongeza kuganda kwa damu, na hatari ya kiharusi, mshtuko wa moyo na mabonge ya damu mapafuni hubaki juu kwa majuma kadhaa, jambo ambalo kwa mtu aliyekwisha kupata kiharusi si la kupuuzwa.

Ningetamani kila korido yenye korona iwe na daftari lenye namba mbili tu kwa kila mzee, asubuhi na usiku, kuanzia siku ya 5 hadi ya 11, hata kwa yule aliyemaliza uji wake: oksijeni, na idadi ya pumzi kwa dakika. Oksijeni inaweza kushuka sana bila mzee kuonekana anahema. Amekaa tu, ametulia, midomo imepauka. Idadi ya pumzi ndiyo inayodharauliwa kuliko vipimo vyote, nami nimeona kurasa nzima ambazo kila mgonjwa, kila zamu, ameandikiwa 18, kwa sababu hakuna aliyehesabu. Usimwambie mzee kwamba unamhesabia. Shika mkono wake kama unayepima mapigo, tazama blanketi linavyopanda na kushuka kifuani, uhesabu dakika nzima, si robo dakika mara nne. Pumzi 25 au zaidi kwa mzee aliyetulia kitandani zinahitaji simu kwa daktari saa ileile, hata kama joto ni 36.5.

Kuhusu kile kibanio cha kidoleni kinachopima oksijeni, kuna jambo ambalo sisi watu weusi tunapaswa kulijua vizuri. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walionyesha Desemba 2020 kwamba kwa wagonjwa ambao kibanio kiliwasomea oksijeni ya kuridhisha, kati ya 92 na 96, damu yenyewe ilipopimwa ilikutwa chini ya 88 kwa asilimia 11.7 ya vipimo vya wagonjwa weusi, dhidi ya asilimia 3.6 kwa weupe. Mwanga wa kifaa unapita kwenye ngozi, na rangi ya ngozi inaudanganya. Nyumba za wazee za Uingereza zina wazee wengi wenye asili ya Karibea, na kwa hao 93 ya kidoleni naichukulia kwa tahadhari kuliko ninavyoichukulia kwa mwingine. Zingatia pia kucha zilizopakwa rangi na vidole vya baridi: pasha mkono joto kwanza, ngoja namba itulie, ndipo uandike.

Je, kama yote haya yangefanyika, babu angepona? Swali hilo linastahili jibu la moja kwa moja. Dawa za kuua virusi kama Paxlovid hufaa zikianza ndani ya siku 5 tangu dalili ya kwanza, na siku hizo zilianza kuhesabiwa Jumatatu ya chai, si Jumatano ya kipimo, kwa hiyo mlikuwa na muda hadi Ijumaa. Lakini dawa hiyo hugongana na nyingine nyingi, zikiwamo baadhi ya zile za kuzuia damu kuganda ambazo waliopata kiharusi humeza kila siku, na figo za mtu wa miaka 86 mara nyingi hulazimu dozi ipunguzwe au iachwe. Mara nyingine daktari hutazama orodha ya dawa za mzee na kuamua, kwa haki kabisa, kutompa. Deksamethasoni, dawa ya kuituliza kinga iliyowaka, ile iliyotangazwa Juni 2020 baada ya jaribio la RECOVERY la hukohuko Uingereza, hupunguza vifo kwa wanaohitaji oksijeni. Kwa wasioihitaji haikuonyesha faida, na kwa mzee huweza kupandisha sukari na kumfanya aweweseke, hivyo kumpa mapema kwa kujihami ni kosa. Kwa mtu mwenye ugonjwa wa kusahau uliokomaa, kiharusi na miaka 86, tiba zote hizi zinasogeza uwezekano kidogo. Siku mbili za mwanzo zilizopotea huenda zilipunguza nafasi yake. Si sawa kusema zilimuua.

Na kuhusu kufia nyumbani badala ya hospitalini, usikubali mtu akuambie mlimwacha. Mwaka 2020 zilikuwapo nyumba ambako uamuzi wa kutohuishwa moyo uliandikwa kwa wakazi wote kwa pamoja bila kuulizwa wala familia kushirikishwa, na hilo lilikuwa jambo baya lililostahili kulaaniwa. Ya babu ilikuwa tofauti: familia ilikwisha kukaa na daktari, wakaamua wakiwa watulivu. Mashine ya kupumulia haifai kitu kwa mtu wa udhaifu ule, na safari ya gari la wagonjwa usiku, kwa mtu asiyejua yuko wapi, ina mateso yake. Kinachotakiwa katika siku mbili hizo ni dozi ndogo za mofini kwa ajili ya kuhema, dawa ya kutuliza wasiwasi, kumgeuza ili asipate vidonda vya kulalia, kuloanisha midomo, na mtu wa kukaa naye.

Wale wawili wa vyumba vya jirani si muujiza. Nchini Ufaransa, Januari 2021, korona iliingia katika nyumba ya wazee ya Sainte-Catherine-Labouré huko Toulon, ikawapata wakazi 81 kati ya 88, na 10 hivi wakafariki. Mmoja wa walioambukizwa alikuwa mtawa Lucile Randon, aliyejulikana kama Sister André, aliyezaliwa Februari 1904. Hakuugua chochote, akasema hakujua hata kama alikuwa nayo, na wiki chache baadaye akafikisha miaka 117; alifariki Januari 2023 akiwa na miaka 118. Miaka peke yake, kwa hiyo, haitoshi kutabiri. Watafiti waliowafuatilia wakazi 5,256 wenye korona katika nyumba 351 za Marekani, kabla chanjo hazijaanza, walikuta asilimia 21 wamefariki ndani ya siku 30. Umri ulikuwa na uzito wake, na waliofikisha miaka 90 walikuwa katika hatari takriban mara mbili ya waliokuwa na miaka 75 hadi 79. Lakini akili iliyodhoofika sana iliongeza hatari kuliko umri huo, na wanaume walikufa zaidi kuliko wanawake. Ukitaka kujua nani katika korido yako atapata shida, usiangalie keki yake ya kuzaliwa; angalia nani alikuwa anainuka kitini mwenyewe na kujilisha mwezi mmoja kabla.

Chanjo imebadilisha hesabu hizo kwa kiasi kikubwa. Kati ya Machi na katikati ya Juni 2020, nchini England na Wales pekee, wakazi 19,394 wa nyumba za wazee walikufa kwa vifo vilivyohusishwa na korona; tangu chanjo zienee, hali hiyo haijarudi. Ila kinga ya mzee hupungua haraka. Marekani, katika nyumba za wazee, uwezo wa chanjo kuzuia maambukizi ulishuka kutoka asilimia 74.7 mwanzoni mwa 2021 hadi 53.1 ilipofika aina ya delta katikati ya mwaka uleule, ingawa ulinzi dhidi ya ugonjwa mkali hudumu kuliko huo. Ndiyo sababu wakazi wa nyumba hizi wamekuwa wakiitwa tena na tena kwa sindano za nyongeza, na ndiyo sababu ningependa kujua kama sindano ya mwisho ya babu ilikuwa ya miezi mitatu au ya miezi kumi na minne. Wahudumu nao wachanjwe, na muhimu zaidi, mtu mwenye mafua abaki nyumbani. Najua kwamba wenzetu wengi walioko huko hawalipwi siku wasiyofika kazini, au hulipwa kidogo mno, na viza inawatia hofu. Hilo si la mhudumu kulibeba peke yake. Mwajiri anayekata mshahara wa mgonjwa ndiye anayemwingiza mgonjwa huyo koridoni.

Nimebakiza bibi, na yeye ndiye ambaye bado mnaweza kumfanyia kitu. Kipimo kikishasema hana, daftari hufungwa na mzee anahesabiwa kuwa amepona, wakati kwa mtu wa umri huo ndipo nusu ya pili ya ugonjwa inapoanza. Siku kumi za kulala chumbani peke yake humwondolea mzee nguvu za miguu ambazo kijana angezirudisha kwa wiki moja na yeye atahitaji miezi, asiposaidiwa asizirudishe kamwe. Kuchanganyikiwa kwa kimya kunaweza kuendelea kwa majuma baada ya virusi kuondoka, na kwa mwenye ugonjwa wa kusahau mara nyingine akili hairudi tena kwenye kiwango chake cha awali. Uzito hupungua. Huzuni nayo huingia, kwa kuwa alitengwa mlango umefungwa, akahudumiwa na watu waliofunika nyuso, na huenda hakuwahi kuelewa kwa nini.

Mpimeni uzito kila wiki, siku ileile, na nguo za aina ileile. Mwombeni daktari apitie dawa zake zote, hasa kama wakati wa ugonjwa aliongezewa kitu cha kumtuliza au cha usingizi ambacho hakuna aliyekumbuka kukisimamisha. Mrudisheni kwenye chumba cha kulia pamoja na wenzake, hata kwa robo saa, na mumsimamishe kutoka kitini mara kadhaa kwa siku, wawili mkimshika. Kama anakataa chai, msidhani ameichoka: harufu na ladha huweza kupotea kwa muda mrefu, na chai isiyo na harufu ni maji ya moto tu, hivyo jaribuni tangawizi, limau, sukari zaidi kama hana kisukari. Na kabla hamjaandika kwamba hataki kula, mwangalieni mdomoni. Mzee akipungua kilo tatu au nne, fizi nazo hunywea, meno ya bandia yanalegea na kuchubua, na kila akitafuna anaumia bila kuweza kusema. Yatoeni, tazameni kama kuna kidonda au utando mweupe, na muiteni daktari wa meno wiki hii.